Swali la lugha: Je, kitambaa "huimarishwa"?

Msomaji wa Tanga anayefundisha ushonaji anauliza: "Naandaa somo la kushona mapambo juu ya mfarishi kwa cherehani. Nimeandika 'kuimarisha kitambaa kabla ya kubandika viraka'. Mwenzangu anasema 'kuimarisha' hapo si mahali pake, na 'kiraka' ni tusi kwa kazi nzuri. Niandikeje?"

Kwenye neno la kwanza mwenzako yuko sahihi. Kuimarisha ni kuongeza nguvu: tunaimarisha ukuta, afya, ulinzi. Kitambaa chako si dhaifu, kinacheza tu. Kipitishie zigizaga ya karibukaribu, ule mshono wa cherehani wa kwenda upande huu na huu, kikiwa kitupu bila cha kukishikilia uone: uzi unakivuta huku na huku, na ua lote unaloshona kama pambo linakunjamana. Unachotaka ni kitulie, na kwa kazi hiyo mafundi wana vitenzi kadhaa. Usitafute kimoja cha kuvibeba vyote.

Ukikipaka wanga na kukipiga pasi kikakakamaa, umekitia dondo. Neno hili nalipenda sana, na naumia kuona linasahaulika. Kitambaa cha gundi, kinachoshika kwa joto la pasi, unakigandisha. Pini na bandi zinashikiza. Bandi ni ile mishono mirefu ya mkono inayofumuliwa kazi ikiisha. Na kile kinachotandikwa chini ya kazi wakati wa kushona, kiite "kitambaa cha chini". Fundi yeyote atakuelewa.

Kuhusu kiraka, sikubali kwamba ni tusi. Watangazaji wa mpira Tanzania humwita "kiraka" mchezaji anayemudu namba yoyote, na wanamsifu. Ila hata hapo maana ya kuziba imebaki: pana pengo, naye analijaza. Ua lako halizibi tundu lolote, limewekwa kupendeza. Kwa hiyo liite "pambo la kubandika". Kubandika lenyewe umelichagua vizuri.

Kuna kitenzi kimoja umekiruka, nacho nakiona cha lazima katika somo lako: kurudi. Kitambaa kipya cha pamba hurudi, yaani hupungua ukubwa, kikifuliwa, na pambo lililoshonwa juu yake litavimba katikati. Mimi ningeandika hivi: "Fua kitambaa kwanza ili kirudi kabisa, kitie dondo, gandisha pambo kwa pasi au lishikize kwa bandi, tandika kitambaa cha chini, ndipo upitishe zigizaga."