Je, Nyasi za Bahari Zina Undugu na Sungura?

SWALI: Mhariri, baada ya salamu. Wanafunzi wangu wameona kitabuni Zostera capensis, aina ya nyasi za bahari, na Lepus capensis, sungura wa porini. Wameniuliza kama viumbe hawa wana undugu, na kwa nini nyasi hiyo imetajwa kuwa hatarini ilhali sungura hakutajwa. Naomba ufafanuzi.
Mwalimu wa sayansi, Lamu

JIBU: Mwalimu, undugu hakuna. Jina capensis linawanasibisha wote wawili na Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, basi. Undugu husomwa katika jina la jenasi, yaani neno la kwanza la jina la kisayansi, kama Zostera au Lepus, na katika ngazi zilizo juu yake. Zostera ni mmea utoao maua, wala si mwani, ingawa wengi wetu huvichanganya viwili hivi. Maji yakipwa, ukiufukua mmea mmoja taratibu kutoka topeni, utakuta shina lenye vifundo linalotambaa chini, mizizi inayochipua katika vifundo hivyo, na majani membamba ambayo msimu ukifika huficha maua ndani ya ala. Mwani hauna mizizi ya kweli wala maua. Sungura ni mamalia wa oda (kundi la familia zenye undugu) ya Lagomorpha, iliyotengwa na oda ya panya mwaka 1912, kwani nyuma ya meno yake mawili makubwa ya juu yamejificha mengine mawili madogo.

Kuhusu hatari, Orodha Nyekundu ya kimataifa, inayoonyesha viumbe gani wamo hatarini kutoweka, hupima kila spishi, yaani kila aina mahususi ya kiumbe, peke yake, kwa kuangalia kasi ya kupungua kwake na ukubwa wa makazi yake. Lepus capensis ameenea katika nyika nyingi na huzaa upesi, hivyo hatiwi katika kundi la wanaotishiwa. Zostera capensis humea kwa vipande vilivyotengana katika ghuba na midomo ya mito, papo hapo ambapo binadamu hujenga bandari na kumwaga taka, kwa hiyo imewekwa katika daraja la kwanza, lililo jepesi kuliko yote, kati ya matatu ya spishi zinazotishiwa kutoweka. Hili linanisikitisha sana, kwa kuwa tafi, kasa na nguva wetu hulishwa na nyasi za bahari.

Wasisitizie wanafunzi neno spishi. Thalassodendron ciliatum, nyasi ya bahari iliyotapakaa pwani yetu, haimo hatarini, ilhali sungura wa mtoni wa Karoo, Afrika Kusini, wa familia moja na huyo wa kitabuni, yumo katika daraja la tatu, lililo zito kuliko yote.