Krismasi ya Puerto Rico: Usirudi Kabla ya Januari 6

Mara ya kwanza nilipokwenda Puerto Rico, kisiwa cha Karibi, kwa ajili ya Krismasi, nilikata tiketi ya kurudi tarehe 27 Desemba, nikidhani kwamba kufikia siku hiyo sikukuu ingekuwa imekwisha. Lilikuwa kosa kubwa. Kisiwani humo shamrashamra huanza mwishoni mwa Novemba, zikapita Krismasi na Mwaka Mpya hadi Januari 6, Siku ya Wafalme Watatu (mamajusi waliompelekea mtoto Yesu zawadi), kisha hufuatiwa na siku nane zaidi ziitwazo octavitas. Niliondoka chakula kikiwa bado jikoni. Nilirejea mwaka mwingine nikakaa hadi mwisho, na ninayoyasema hapa yametokana na safari hiyo ya pili.

Kwanza, ukipata mwenyeji, fika mapema ili uwakute wakitengeneza pasteles. Ndizi mbichi na magimbi hukunwa hadi yawe rojo, rojo hilo hupakwa juu ya jani la mgomba lililobabuliwa kwa moto likalainika, nyama ya nguruwe huwekwa katikati, kisha jani hukunjwa na vifurushi hufungwa viwili viwili kwa uzi kabla ya kuchemshwa. Ni kazi ya ukoo mzima kuzunguka meza moja, kwa hiyo usikae sebuleni kama mgeni, bali omba kazi. Mimi nilipewa uzi, na mama mwenye nyumba alinifungulia vifurushi vyangu vitatu vya mwanzo bila kusema neno, akanishika vidole akanionyesha upya. Pembeni palikuwa na sufuria ya wali na mbaazi, zile zile ambazo sisi watu wa Pwani huziunga kwa nazi; sikutarajia kuonja ladha ya nyumbani nikiwa mbali kiasi kile.

Pili, jitayarishe kuamshwa. Katika parranda, kundi la jamaa na marafiki hunyemelea mlangoni usiku wa manane, na ishara ikitolewa wote huanza kwa pamoja kuimba, kupiga magita na kukwaruza güiro, ambayo ni ala ya kibuyu kikavu. Fungua mlango, wape chochote kilichopo, kisha vaa viatu ufuatane nao, kwa kuwa kila nyumba iliyoamshwa hujiunga na kundi kwenda kuamsha nyingine. Usile sana mwanzoni, maana nyumba ya mwisho huwangoja alfajiri na asopao, supu nzito ya wali na kuku.

Ukisafiri na mtoto, jioni ya Januari 5 mpe boksi la viatu akachume majani mabichi na kuyaweka chini ya kitanda, yawe chakula cha ngamia wa wafalme. Wewe amka kabla yake, weka zawadi mahali pa majani, na machache yatawanye sakafuni hadi mlangoni, ili aone walipopita.