Jeni nzima, ila imezimwa

Dada, umeuliza kama seli ya saratani huanza kuvamia tishu za jirani kwa sababu jeni zake zimeharibika. Si lazima. Mara nyingi jeni ni nzima, ila imezimwa. Chukua jeni iitwayo CDH1, inayotoa maelekezo ya kutengeneza E-kadherini, protini inayozishikanisha seli za utando wa matiti, tumbo na utumbo. Protini kama Snail na ZEB1 zikiongezeka, hujibandika penye swichi ya CDH1 na kuinyamazisha. Seli zinaachiana, zinarefuka, zinaanza kutambaa, na hutoa vimeng'enya vinavyokata tishu iliyo mbele yake.

Kinachonishangaza mimi zaidi ni kwamba hali hiyo hugeuka. Seli ikishafika kwenye ini au mapafu, mara nyingi huiwasha CDH1 tena, ikatulia na kujenga uvimbe mpya. Jeni iliyovunjika isingeweza kufanya hivyo.

Kweli wapo wanaorithi CDH1 yenye hitilafu. Mwaka 1998 hitilafu hiyo iligunduliwa katika familia za Wamaori wa New Zealand zilizoandamwa na saratani ya tumbo. Lakini hao ni wachache.