Mkuyu Hauleti Maji: Kabla Hujafukia Mfongo na Kununua Miche

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nimejenga Longuo hapa Moshi, kwenye kiwanja cha mteremko, na huu ni mwaka wa tatu. Upande wa juu wa ukuta wangu unapita mfongo wa zamani, yaani mfereji wa asili wa Wachaga wa kumwagilia. Masika iliyopita ulifurika mara mbili, ukaangusha kipande cha ukuta na kuchimba korongo hadi kwa jirani wa chini. Fundi wa bustani ananishauri niufukie mfongo, nilaze bomba la inchi 6, kisha nipande majani ya vetiva na mianzi kwenye korongo. Ananiuzia pia miche ya mikuyu kwa shilingi 15,000 mmoja. Anasema ni miti ya asili inayovuta maji, wazee wa Kichaga waliitumia, na chemchemi ya bondeni iliyokauka itarudi. Nimeshalipia miche minne. Je, yuko sahihi?
Mama wa Longuo, Moshi

JIBU: Mama, mfongo usiufukie. Nalitanguliza hilo kwa sababu mafundi wa namna hiyo hawakawii, na kifusi kikishamwagwa kukitoa ni gharama nyingine.

Bomba la inchi 6, hata ukililaza kwa mteremko wa mita moja kwa kila mita 100, likijaa pomoni hubeba lita 20 hivi tu kwa sekunde. Sasa chukua mfongo wa kawaida: upana sentimita 40, maji ya kina cha sentimita 30, yanatembea polepole nusu mita kwa sekunde. Huo unabeba lita 60. Lita 40 zinazobaki kila sekunde zitapita wapi? Zitapita juu ya kifusi na kuingia kwako. Hapo sijahesabu chupa za plastiki na pampasi zitakazoziba mdomo wa bomba mvua ya kwanza tu. Sijahesabu pia walio chini yako wanaotumia maji hayo hayo. Mfongo una wenyewe, mama, hata kama hujawahi kuwaona wakiushughulikia. Kabla ya kugusa chochote, zungumza na watumiaji wake na uulize ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani kuhusu kibali chake.

Sababu ya kufurika haiko ndani ya kiwanja chako. Siku ya mvua, vaa buti upande na mfongo kuelekea juu, kwa miguu, hadi kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni kuingia mfongoni. Nina hakika utakuta moja kati ya mambo mawili, na mara nyingi yote mawili. Kwanza, banio liko wazi masika yote. Mfongo ulichimbwa kupeleka maji mashambani wakati wa ukame, na mvua zikikolea ulipaswa kufungwa. Alikuwepo meni mfongo, mtu aliyejua zamu ya kila ukoo, aliyeita watu kusafisha, na asiyefika alitozwa faini. Mingine ilikuwa na nduwa, bwawa dogo la kukusanya maji ya usiku ili asubuhi yawe na nguvu ya kufika mbali. Mahali pengi meni mfongo alipofariki hakuna aliyeshika nafasi yake, na banio likabaki yatima. Pili, nyumba mpya zilizojengwa juu yako zimeelekeza mabomba ya mapaa kwenye mfongo. Paa la mita za mraba 120, mvua ya milimita 50 ikishuka usiku mmoja, linamwaga lita 6,000. Nyumba kumi ni lita 60,000 ndani ya mtaro ambao haukuchimbwa kupokea hata paa moja. Utapasuka palipo na udongo laini, na safari hii palikuwa kwako.

Sasa nije kwenye mikuyu, maana hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Kila mwezi napokea swali hili kwa sura tofauti: mti gani unavuta maji? Hakuna mti unaovuta maji ukayaleta mahali yasipokuwepo. Mti unakunywa maji. Wazee waliona mikuyu mikubwa kwenye chemchemi, wakakataza kuikata, na walikuwa sahihi kabisa, kwa sababu kivuli chake na mizizi yake vililinda jicho la maji lisikanyagwe na ng'ombe wala kumomonyoka. Lakini maji ndiyo yaliyotangulia. Mkuyu ulikuwa alama yake na mlinzi wake. Huyu anayekuuzia miche amegeuza habari kichwa chini, kisha akaipachika jina la wazee ili usimbishie.

Ukitaka ushahidi, nenda msitu wa Rau, hapo hapo Moshi. Mvua za mjini kwa kawaida hazifiki milimita 1,000 kwa mwaka, ilhali msitu ule umestawi kama wa huko juu mlimani, na ndani yake upo msoo, mti adimu sana duniani. Msitu huo unaishi kwa maji ya chini ya ardhi, yaliyo karibu na mizizi. Maji hayo yalianzia mbali: upande wa kusini wa Kilimanjaro mvua nyingi zaidi hunyesha kwenye ukanda wa msitu, karibu mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, ambako hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Huzama kwenye miamba ya volkano, hushuka polepole, na hutokeza chini kama chemchemi. Chemchemi ya Njoro inayonywesha mpunga wa Mabogini ni ya namna hiyo. (Na wanaodhani chemchemi zetu zinatokana na barafu ya kileleni waelewe kwamba mchango wake ni mdogo mno ukilinganisha na mvua ya msituni.) Kwa hiyo chemchemi ya bondeni kwako ikikauka, usichunguze bondeni. Chunguza juu: ardhi iliyokuwa inanyonya mvua imefunikwa na nini?

Niliwahi kupelekwa kwenye chemchemi moja upande wa Kibosho. Mikuyu ilikuwa imepandwa kwa duara safi kabisa, ina afya, imezungushiwa uzio. Katikati pakavu. Tulipanda juu tukakuta vihamba viwili, mashamba ya asili ya Kichaga yanayozunguka nyumba, vimesafishwa kuwa viwanja, udongo umeshindiliwa na malori, na mtaro wa saruji unakusanya mvua yote na kuitupa mtoni ndani ya dakika chache. Wenyeji walikuwa wamechanga fedha zao kununua ile miche. Mzee mmoja aliniuliza kama walikosea aina ya mkuyu. Nilikosa la kumjibu kwa haraka, kwa sababu walikuwa wameambiwa maarifa ya babu yao yanauzwa kwenye kiriba cha plastiki.

Maarifa yenyewe ni kihamba kizima. Juu miti mirefu ya mringaringa na mruka, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, kisha magimbi na majani ya mifugo. Mbolea ya zizini inarudi shambani, majani yaliyoanguka yanaachwa yaoze. Tone la mvua linadondokea majani mara tatu nne kabla ya kugusa udongo, na linaukuta udongo laini wenye matundu, linazama. Watafiti wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea katika vihamba vya Kilimanjaro, na nyingi hazikupandwa na mtu, ziliachwa tu ziote. Ndiyo maana mwaka 2011 kihamba cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Ukinyofoa mti mmoja kutoka kwenye mpangilio huo na kuupanda peke yake kando ya ukuta wa tofali, umebaki na mti tu. Tena mkuyu karibu na ukuta ni hatari: mizizi yake itauinua. Hiyo minne uliyolipia ipeleke bondeni, kwa makubaliano na majirani, mbali na nyumba yoyote. Itafaa kwa kivuli na kwa ndege.

Kwa upande wako, anza na paa lako mwenyewe. Weka tangi, na maji yanayozidi yaelekeze kwenye shimo la kunyonya lililojazwa mawe, angalau mita 5 kutoka kwenye msingi na mbali na kichwa cha korongo, maana ukiloanisha ukingo wa korongo utaporomoka. Kabla ya kulichimba, jaribu kishimo cha sentimita 60: jaza maji, yaache yaishe, jaza tena. Yakiwa bado yamesimama kesho yake, udongo hapo haufai. Kwenye korongo, zuia kwanza maji yanayoingia kichwani, kisha weka vizuizi vifupi vya mawe vinavyofuatana, ndipo majani. Vetiva ni mmea mzuri kweli, mizizi yake hushuka wima hadi mita 3, lakini hufanya kazi ikipandwa mstari mmoja uliobana, sentimita 10 hadi 15 kati ya shina na shina, kwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko. Kuipanda kama maua, kichaka hapa kichaka pale, ni kuyaonyesha maji pa kupita. Mianzi iweke chini kabisa au usiiweke: mizizi yake haiendi mbali chini, na kichaka kizito juu ya ukingo hushuka pamoja na ukingo wenyewe.

Haya si ya Longuo peke yake. Arusha, kando ya mito ya Themi na Naura, nimeona miche ikipandwa kwenye kingo kwa sherehe huku mita chache juu yake mtaro wa barabara unamwaga maji ya mtaa mzima pale pale. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na bado ukuta unajengwa ndani ya eneo hilo kisha mtu anaitwa kupanda mianzi ili uonekane una mazingira. Fedha za wananchi zinaishia kwenye miche, na masika ikija mto unaondoka na miche na ukuta.

Kwa hiyo mama, na wengine mnaosoma, akija mtu na miche ya asili muulizeni mambo matatu kabla ya bei. Maji yanatoka wapi? Banio linafungwa na nani? Maji ya mapaa ya juu yanakwenda wapi? Kisha mwambieni muongozane kupanda mteremko hadi juu mkatazame. Akikataa kupanda, abaki na miche yake.