Pindo, mji na jina: maswali yenu ya leya na vitufe

Barua za mwezi huu nazijibu nikiwa dukani kwangu Chikongola, Mtwara. Umeme umekatika, mashine ya kuchapa imelala, laptopu ina chaji ya kunitosha mpaka adhuhuri. Mmeuliza sana kuhusu leya, na nyuma yake vitufe. Nimechagua barua tano.

Shikamoo fundi. Natengeneza kadi za mchango wa harusi kwa programu ya Photoshop. Mteja akibadilisha kitu, hata tarehe tu, naanza kazi upya. Rafiki yangu anasema tatizo ni kwamba sijui leya. Nimetazama video, naona vijidirisha vimepangana upande wa kulia, basi. Leya ni nini hasa?
*Mchapa Kadi, Masasi*

Marahaba mwanangu. Kaazime kanga ya mama yako uitandaze kitandani. Utaona pindo linaloizunguka pande zote, utaona mji pale katikati, na chini ya mji utaona jina, yale maneno ambayo wanawake wa Mtwara huyasoma kabla hawajauliza bei. Vyote vitatu vimechapwa kwenye kitambaa kimoja. Ukilichukia jina huwezi kulibandua ukabaki na mji. Utanunua doti nyingine.

Sasa chukulia pindo limechorwa kwenye nailoni yake inayoonyesha, mji kwenye nailoni nyingine, jina kwenye ya tatu. Zipange, ya jina ikae juu. Anayetazama kutoka juu anaona kanga moja. Lakini wewe fundi unajua siri: ukitaka kubadilisha jina unachomoa nailoni moja, nyingine hazina habari. Hizo nailoni ndizo leya. Vile viraba vidogo vya kijivu na vyeupe unavyoviona kwenye skrini maana yake ni kwamba pale nailoni haina kitu, kilicho chini kitaonekana.

Majuzi nilipata kazi ya kanga ya sare, mwali anatoka. Familia ilitaka jina liwe "Mwali wetu katoka, wenye wivu mnune". Nikaandika. Shangazi mtu akaja jioni akasema lina ugomvi, tuandike jingine. Kesho yake mama mtu akarudi: lile la kwanza ndilo. Ningekuwa nimeandika juu ya mji moja kwa moja ningelia. Nilichofanya ni kuweka kila jina kwenye leya yake, kisha nikawa nabofya alama ya jicho iliyo kando ya leya. Jicho likifumba, jina linapotea. Likifumbua, linarudi. Shangazi na mama walibishana mbele ya skrini, mimi nafumba na kufumbua. Mwishowe alishinda bibi, aliyekuwa hajasema neno.

Kwa kadi zako fanya hivyo hivyo. Picha ya maharusi leya yake, maua leya yake, na maandishi usiyarundike pamoja: tarehe peke yake, ukumbi peke yake, jina la mwalikwa peke yake. Ukiwa na kadi 80 utakuwa unagusa leya moja tu. Na kila leya ipe jina. Bofya mara mbili juu ya jina lake, uandike "tarehe", "ukumbi", "ua la kushoto". Wengi hudharau jambo hili. Photoshop ikiachiwa mara nyingi hutoa namba tu, na ukifika leya ya thelathini utakuwa unatafuta ua la kushoto kama mtu anayetafuta shilingi kwenye mchanga wa Mikindani.

Halafu kuna kosa ambalo nililifanya mimi mwenyewe, ulikwepe. Nilikuwa na tangazo la shughuli, maandishi yamekaa juu ya picha ya bahari. Leya zilikuwa nyingi zikanichosha macho, nikazichagua zote nikabonyeza Ctrl+E, ambayo huziunganisha ziwe moja. Nikasevu, nikafunga, nikaenda zangu kula samaki. Asubuhi mwenye shughuli yuko mlangoni: ukumbi umebadilika. Ctrl+Z haikunisaidia, maana faili likishafungwa kumbukumbu ya hatua ulizopitia hufutika. Usiku ule nilikesha nikiyafuta maandishi kwa brashi, yaani napaka bahari, wimbi kwa wimbi. Ukitaka kuona kazi ikiwa kipande kimoja bila kuua leya zake, shika Ctrl, Shift na Alt kwa pamoja kisha gusa E. Utapata leya mpya yenye picha nzima, na zile za zamani zitabaki chini yake salama.

Jambo la mwisho kwako: sevu mara mbili. Moja ni PSD, inayobeba leya zote, hii ni yako. Nyingine ni JPG, ambayo hugandisha kila kitu kama kanga iliyotoka kiwandani, hii ndiyo unamtumia mteja kwenye simu. Nadhani wewe umekuwa ukisevu JPG tu, ndiyo maana kila siku unaanza upya.

Usijione mjinga. Photoshop yenyewe ilitoka mwaka 1990 bila leya. Zilikuja na toleo la 3, mwaka 1994. Kabla ya hapo hata mafundi wa Marekani wakishaandika neno juu ya picha, neno lilikuwa limeshalowa.

Fundi, nachora lebo ya pakiti za korosho, tunabangua wenyewe hapa nyumbani. Nimechora bibo na korosho yake, lakini korosho inajificha nyuma ya bibo. Nikifuta nichore tena, inajificha tena. Na lile bibo, ambalo nilipiga picha kwenye karatasi, halisogei kabisa.
*Mama wa Pakiti, Tandahimba*

Dada yangu, usifute. Korosho yako haina kosa, imekaa chini kwenye mpangilio. Ichague leya ya korosho kisha bonyeza Ctrl na mabano ya mraba ya kulia, ]. Itapanda ngazi moja. Mabano ya kushoto, [, yanaishusha. Ukiongeza Shift inapanda mpaka juu kabisa kwa mruko mmoja. Unaweza pia kuishika leya kwa mausi ukaiburuta, lakini leya zikiwa nyingi mkono hutetemeka na kuiangusha pasipo pake.

Bibo halisogei kwa sababu leya yake imefungwa, na ukitazama vizuri ina alama ya kufuli. Bofya kufuli. Likishafunguka litasogea kama wenzake. Ila karatasi nyeupe imekuja pamoja na bibo, kwa hiyo korosho ikikaa chini yake bado haitaonekana. Ondoa weupe kwanza. Mimi nakushauri uuzibe kwa maski badala ya kuufuta: kwenye maski, palipopakwa rangi nyeusi hufichika na palipopakwa nyeupe huonekana. Ukikata kikonyo kwa bahati mbaya, badili brashi iwe nyeupe upake pale pale, kikonyo kitarudi.

Barua yako ndefu inataja pia jirani anayetumia programu ya CorelDRAW. Kwake yeye ni Shift na Page Up kupandisha juu, Shift na Page Down kushusha chini. Laptopu nyingi ndogo zinataka ashike na Fn.

Na kwenye mchoro wenyewe korosho ikae upande wa chini wa bibo, tafadhali, inaning'inia. Nimeona lebo, tena za mikoa yetu hii hii, korosho imekaa juu kama kofia.

Nimejiunga na kozi fupi hapa Lindi. Tumepewa karatasi ya njia za mkato za kibodi, kurasa nne mbele na nyuma. Nakariri kila usiku, asubuhi nimesahau. Nianze na zipi?
*Mwanafunzi wa Usiku, Lindi*

Karatasi hiyo ifungie maandazi. Sisemi kwa dharau, mwalimu wako ana nia njema, lakini vitufe hukaririwa na vidole. Fanya kazi yako ya kawaida kwa mausi siku mbili, na pembeni weka kalamu. Kila ukiona mkono umepanda kwenye menyu ile ile kwa mara ya tano, andika. Mwisho wa siku ya pili utakuwa na vitu vitano au sita. Jifunze hivyo tu. Karibu na kila neno kwenye menyu kitufe chake kimeandikwa, huhitaji hata karatasi.

Vyangu nikuonyeshe, lakini ni vya mtu wa kadi na mabango, vyako vinaweza kuwa tofauti. V ni kusogeza kitu. T ni kuandika. Ctrl+T ni kupunguza, kukuza na kuzungusha. Ctrl+J hunakili leya, nami siigusi picha ya mteja kabla sijaibonyeza, ili picha yenyewe ibaki kama ilivyokuja. Kitufe kirefu cha nafasi nikikishikilia, mausi hugeuka mkono, naivuta kazi huku na huku. Ctrl+0 huirudisha yote kwenye skrini. Ctrl+S naibonyeza hata nikiwa nafikiri, kwa jinsi umeme wetu ulivyo.

Umeshawahi kujiuliza kwa nini Ctrl inaambatana na Z, X, C na V? Zitazame kwenye kibodi, zimekaa mstari mmoja, jirani kwa jirani, chini ya kidole cha kushoto. Kukata, kunakili na kubandika ni kazi iliyofanywa na mtaalamu wa kompyuta Larry Tesler na wenzake huko kampuni ya Xerox, California, miaka ya 1970. Baadaye alikwenda Apple, na herufi hizo zikatumika kwenye kompyuta yao ya Lisa iliyotoka mwaka 1983. Alifariki mwaka 2020. Mkono wa kushoto unabaki pale, wa kulia kwenye mausi, hakuna anayemfuata mwenzake. Ukiona unaliacha mausi ili ubonyeze njia ya mkato, basi hiyo siyo ya mkato.

Kuhusu Ctrl+Z: kama Photoshop ya chuoni kwenu ni ya kabla ya mwishoni mwa 2018, itarudi hatua moja, na ukibonyeza tena itakurudisha ulikotoka. Tumia Ctrl+Alt+Z kurudi nyuma hatua nyingi.

Mtego ni huu. Herufi moja moja kama V hufanya kazi tu pale ambapo huandiki. Ukiwa bado ndani ya maandishi, ukibonyeza V, itaandikwa v. Nimewahi kuchapa bango la mahafali la mita tatu lililosema "Karibuni nyotev". Hakuna aliyeliona dukani, lilionwa likiwa limeshatundikwa, na aliyeliona ni mtoto wa darasa la pili. Nililichapa upya kwa hela yangu. Ukimaliza kuandika bonyeza Ctrl na Enter kwanza, ndipo uende kwenye V.

Brashi yangu imegeuka msalaba mdogo, sioni ukubwa wake. Nimeifunga Photoshop na kuifungua tena, bado. Na jana vibao vyote vya pembeni vilitoweka. Je, ni kirusi?
*Mwenye Wasiwasi, Nachingwea*

Siyo kirusi. Msalaba ni Caps Lock, umeiwasha bila kujua, izime. Vibao kutoweka ni kitufe cha Tab, kibonyeze tena vitarudi. Na ukiona leya imepauka ghafla, umegusa namba: 5 huipunguza mpaka asilimia 50, na 0 huirudisha ikolee.

Sina hela ya kulipia Photoshop kila mwezi, natumia programu ya GIMP. Je, leya zipo? Halafu mteja wangu mmoja ameng'ang'ania nimpe faili lenye leya zake zote, siyo picha tu. Nimpe?
*Fundi Asiye na Leseni, Mtwara*

Zipo, na ni bure bila kuiba. GIMP ilianzishwa na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, ikatoka mwaka 1996. Jicho lipo, maski zipo. Vitufe ndivyo vinavyohitilafiana: kunakili leya ni Ctrl+Shift+D, siyo Ctrl+J. Ukitaka unaweza kubadilisha vitufe viwe unavyovipenda. Faili la kusevu leya ni XCF, JPG unaitoa kando.

Hilo la mteja ni la makubaliano. Mimi faili la leya lina bei yake, naitaja siku ya kwanza kabla sijafungua kompyuta, na sitoi mpaka hela iwe mkononi. Aliyenunua picha amenunua picha. Ila ukikubali kumpa, pitia kwanza majina ya leya moja moja. Niliwahi kumkabidhi mama mmoja faili lake, akalifungua pale pale mbele yangu na mwanawe anayejua kompyuta. Leya ya tarehe nilikuwa nimeiita "anabadilisha tena huyu".