Miche ya shule imekauka, tuanzie wapi tena?

Mwalimu, umeuliza ufanye nini baada ya miche mliyopanda na wanafunzi kukauka yote wakati wa likizo, na kama miradi ya namna hii inawafundisha kweli kuwajibika. Inawafundisha, ila kupanda ni kazi ya siku moja. Uwajibikaji unajengwa kwenye kutunza, na hapo ndipo shule nyingi huishia njiani.

Kwa sasa ningeanza na taka. Wape watoto glavu na mizani, wachambue taka za shule kwa wiki nzima na kuandika uzito wenyewe ubaoni. Mtoto akishapima kwa mkono wake, huna haja ya kumhubiria.

Mabaki ya matunda na mboga yageuzeni mboji. Lundo la mita 1 kila upande linatosha kutunza joto. Majani makavu yazidi mabichi. Nyama na mafuta msitie kabisa. Mtoto akiminya konzi moja, yatoke matone machache tu, yasichuruzike. Likinuka, limekosa hewa, waligeuze. Lundo zuri hufika nyuzi joto 55 na zaidi, na mvuke unaotoka likifunuliwa asubuhi ya baridi huwashangaza watoto mno.

Zamu wapange wao, wakubwa na wadogo pamoja, likizo ikiwemo. Na tafadhali, kazi hii isiwe adhabu ya wachelewaji, watoto wataichukia. Mboji ikiiva, pandeni miche michache tu, kila kundi na wake.