Kabla ya kuuliza bei ya laptopu, uliza mzigo uliingia lini

Mdogo wangu, umesema unasoma uhasibu hapa Moshi, mkononi una 1,400,000, na unajiuliza mambo matatu: ununue sasa hivi Januari, usubiri bajeti ya Juni labda kodi itapungua, au umwombe shangazi yako wa Houston akunulie kwenye ofa za Black Friday mwezi wa kumi na moja. Nakujibu kwa kirefu, maana hili jambo limewahi kunila hela na sitaki likule na wewe.

Mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo ya kupandisha wageni mlimani. Wageni wanatulipa dola, wapagazi na wauza mboga wa Mbuyuni tunawalipa shilingi, kwa hiyo kila asubuhi kabla sijagusa kitu kingine naangalia kiwango cha Benki Kuu. Ungedhani mtu wa hivyo hawezi kukosea kununua laptopu. Nilikosea.

Oktoba 2024 laptopu yangu ilizima na haikuwaka tena. Dola wakati ule ilikuwa inacheza kwenye 2,700. Nikaingia duka moja hapa mjini, nikaipata niliyoitaka kwa 1,650,000. Muuzaji akaniambia, "Dada, chukua leo. Dola inapanda, wiki ijayo hii utaikuta milioni moja na laki nane." Nikaogopa, nikalipa siku hiyo hiyo. Kabla ya Krismasi dola ilikuwa imeporomoka hadi karibu na 2,400. Nikarudi dukani kumchukulia mdogo wangu wa Marangu ya aina ile ile, nikijua nitakuta imeshuka. Bei ilikuwa 1,650,000, haijapungua hata mia.

Nilimuuliza mwenye duka kwa nini. Ni mzee mstaarabu, akanivutia daftari lake, lile kubwa la mistari, akaweka kidole kwenye ukurasa wa mwezi wa tisa. Mzigo wote uliokuwa kwenye shelfu aliulipia dola aliyoinunua kwa 2,700 na ushee. "Mama, nikishusha leo hasara nani atanirudishia?" Akaniambia nirudi mzigo mwingine ukiingia. Nilirudi Februari, nikaikuta kwa 1,480,000.

Hapo ndipo nilipoelewa. Dola ikipanda, muuzaji anapandisha siku ile ile, kwa sababu anawaza hela ya kununulia mzigo unaofuata. Dola ikishuka, anasubiri mzigo wa zamani uishe kwanza. Kwa hiyo kushuka kwa dola kunafika dukani Moshi kwa kuchelewa, miezi miwili, wakati mwingine mitatu. Ukitaka kujua bei inaelekea wapi, angalia dola ilikuwa ngapi miezi miwili iliyopita, halafu muulize muuzaji bila aibu mzigo huu umeingia lini. Akikwepa, geuza boksi. Maboksi mengi yana kibandiko chenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Hakitakuambia lini limefika Kariakoo, lakini ukiona ni la miaka miwili nyuma umepata pa kuanzia kubishana bei.

Sasa majira. Sisi wa huku tunayaona kwa macho. Kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi wageni wanajaa mlimani na mbugani, kahawa inavunwa, baadaye korosho nazo zinauzwa kule kusini, na dola zinaingia nchini kwa wingi. Masika ikifika, Aprili na Mei, ofisi yetu inakuwa kimya kabisa, na dola inakuwa ngumu. Ndivyo ilivyokwenda: ikashuka mwisho wa 2024, ikarudi juu ya 2,650 kufikia Aprili 2025, halafu ikalegea tena mwaka ulipoelekea ukingoni. Usiichukulie kama saa ya ukutani, kwa sababu 2023 dola ziliadimika na shilingi ikaendelea kushuka hadi mwaka unaisha. Ila mwaka ambao shilingi imepata nguvu kwenye Novemba na Desemba, matunda yake madukani unayala Januari na Februari.

Tena Januari ina jambo jingine ambalo watu hawalisemi. Kila mzazi analipa ada. Maduka ya vifaa vya umeme hayana watu, muuzaji amekaa mlangoni na simu yake. Huyo ndiye anayekusikiliza ukitaja bei. Nenda mwezi wa kumi na moja, vyuo vimefunguliwa na boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, limetoka, uone kama kuna mtu atakupunguzia hata elfu ishirini.

Kuhusu bajeti ya Juni, usiisubiri. Kompyuta mpakato kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki tayari inaingia kwa 0%, kwa hiyo hapo hakuna cha kupunguza. Kinachobaki ni VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya 18% na tozo ndogo ndogo za forodha. Na hata serikali ikiondoa VAT, hilo punguzo ni mpaka likufikie. Mwaka 2021 simu janja, tableti na modemu zilisamehewa VAT, mwaka 2022 msamaha ukafutwa. Mimi kwenye huo mwaka mmoja sikuona simu ikishuka bei Moshi, na nilikuwa natafuta simu.

Shangazi wa Houston tumpigie hesabu, maana hapa ndipo watu wanadanganyika na picha za ofa. Tuseme laptopu ya dola 500 imeshushwa hadi 400. Marekani bei unayoiona kwenye tangazo haina kodi, inaongezwa ukifika kulipa, na Houston ni 8.25%. Imeshakuwa 433. Usafiri mpaka huku tuseme dola 45: 478. Forodha wanachukua gharama ya kitu pamoja na usafiri na bima, kisha 18% juu yake. Unafika karibu dola 564 kabla ya zile tozo ndogo. Ile ofa ya dola 100 imeliwa yote, na 64 zaidi juu. Kisha dola 564 hizo kwa kiwango cha 2,400 ni kama 1,354,000, na kwa 2,700 ni kama 1,523,000. Tofauti ya takriban 169,000 imetokana na kiwango tu, wala haikuhusu ofa ya mtu yeyote. Na kioo kikikataa, waranti ya duka la Houston utaidai kwa nani hapa Moshi? Kama shangazi anakuja mwenyewe kusalimia na ananunua mpya ya kwake kisha anakuachia ile ya zamani aliyokuwa akiitumia, hiyo ni baraka, ipokee. Akibeba mpya kwenye boksi, aitangaze pale KIA, mambo yaishe kwa amani.

Nairobi nayo utashauriwa. VAT yao ni 16%, na ukivuka Holili na boksi jipya bado kuna 18% yetu ya kuzungumza. Ongeza nauli na siku mbili za masomo. Kwa laptopu moja sioni faida.

Kwa hiyo jibu langu: nunua sasa hivi, Januari hii au Februari, kwa mwenye mzigo ulioingia karibuni. Pita maduka matatu kabla ya kutoa hela, na udai risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi. Nasisitiza hili. Kuna mwaka niliambiwa "bila risiti nakutolea laki moja na thelathini," nikakubali. Miezi miwili baadaye kioo kikaanza kuweka mistari, nikarudi, nikaambiwa hatukujui. Sikuwa na karatasi ya kuonyesha. Kioo kilinigharimu zaidi ya nilichookoa, na bado naumia nikikumbuka.

Kama 1,400,000 haitoshi kwa mpya unayoitaka, ya mtumba haina ubaya, ila fungua macho kuliko wakati wowote. Microsoft walisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na makampuni ya nje yameachia mashine nyingi ambazo Windows 11 haizipokei. Nyingi zina kibandiko cha i7, aina ya prosesa ya Intel, kinachong'aa na watu wanakimbilia hicho. Tazama namba inayofuata. i7-7600U ni kizazi cha saba, haimo kwenye orodha ya Windows 11, na ina viini (cores) viwili tu. i5-8350U ni kizazi cha nane, inapokelewa, na ina viini vinne. Ya i5 ndiyo bora kwako, hata kama muuzaji anakwambia i7 ni kubwa. Kwa kazi za uhasibu RAM iwe GB 8 kwenda juu, 16 ukipata, na diski iwe SSD, ile ya kasi.

Halafu betri, kabla ya kutaja bei yako. Mwombe muuzaji aiwashe, fungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakutengenezea ukurasa, na itakuonyesha umehifadhiwa wapi. Ufungue, ushuke mpaka uone namba mbili zilizofuatana: uwezo wa betri ilipotengenezwa (Design Capacity) na uwezo inaojaa sasa (Full Charge Capacity). Nimewahi kukuta 45,000 juu na 19,000 chini, kwenye laptopu niliyoambiwa "inakaa saa sita." Ukiona ya chini haifiki hata theluthi mbili ya ya juu, muulize fundi betri mpya ni shilingi ngapi, uitoe hiyo hela kwenye bei yake kwanza, ndipo uanze kupatana.